Bati la Kuanikia Tangawizi

Nauza mabati Makanya, kando ya barabara kuu, mahali ambapo vumbi la jasi linatua juu ya kila kitu mpaka kwenye kope za macho. Mtu akiniuliza kwa nini sikufungua duka Same mjini kwenye wateja wengi, namjibu kwamba Same wauza mabati wamejaa kama kunguru. Hilo ni jibu la dukani. Jibu la kweli ni kwamba ukisimama mbele ya mlango wangu ukageukia mlimani, unaliona bega la mlima iliko nyumba ya mama yangu. Nyumba yenyewe huioni, ni mbali, na migomba imeificha. Kinachoonekana, siku yenye jua, saa kumi alasiri, ni mmweko.

Mama analima tangawizi chini kidogo ya ndiva, lile bwawa la wazee la kumwagilia. Akishavuna anaimenya, anaikata vipande, anaitandaza uani juu ya bati bapa, yaani lile lisilo na migongo. Jua linapoanza kuinamia upande wa nyika anakusanya vipande kwenye kikapu, analipangusa bati kwa kanga kuukuu, kisha analiegemeza ukutani likitazama bondeni. Hapo jua linalipiga, na huku chini unaona kitu kinawaka mlimani, cheupe, kidogo, kikali. Kinakaa kitambo. Akiliingiza bati ndani, kinazimika.

Nilipofungua duka nilikuwa mjane mpya. Watoto walishaondoka, mmoja Dar, mwingine Mwanza, na mpaka leo wananitumia kwenye simu picha za maua na mikono iliyokunjwa kwa sala, kana kwamba mama yao ni kikundi cha kwaya. Siku ile ya kwanza nilipouona mmweko nilijua ni mama kabla sijafikiri. Nilisema kwa sauti, peke yangu katikati ya misumari, "Mama huyo!" Kuanzia hapo saa kumi ikawa saa yangu. Mteja akija saa hiyo anasubiri. Wapo walioniona mwanamke wa ajabu, nasimama mlangoni nimekunja mikono natazama mlima badala ya kupima bati, na sikuwahi kumweleza yeyote. Nilikuwa mpweke, sioni aibu kuliandika, na mmweko ule ndio uliokuwa mtu wangu wa jioni.

Sikuwahi kumuuliza mama vizuri. Mara moja nilimwambia kwenye simu, "Nimekuona leo." Akacheka, "Umeniona?" Nikasema ndiyo, bati lako. Akacheka tena, akaanza habari za mbuzi wa jirani. Nilikichukua kicheko kile kama jibu.

Sasa niseme kidogo kuhusu bidhaa yangu, maana watu wanadhani bati linaota Dar es Salaam. Bati linatoka mbali. Linakuja na meli kutoka China, mara nyingine India, likiwa koili, limeviringwa kama mkeka wa chuma mzito kuliko lori linaloubeba. Dar wanalifungua, wanalikata, wanalipitisha kwenye mashine ya kulitia migongo, wanalileta kwetu. Kiwanda cha huko kikipunguza moto, mimi huku Makanya napunguziwa mzigo. Huko wakiamua kwamba mwaka huu dunia inapenda rangi ya zambarau, basi Wapare wataezeka zambarau. Na kila mzigo unaokuja ni mwembamba kuliko uliotangulia. Kuna geji ya siku hizi, yaani unene wa bati, ambayo ukiishika kwa ncha mbili inalia yenyewe kabla mvua haijainyeshea. Nawaambia wateja: hili si bati, hili ni ahadi ya bati. Wanacheka, wananunua.

Wateja wangu ni wa aina mbili. Wa mlimani wanataka rangi, kwa sababu jirani yao wa kanisani ameezeka nyekundu nao hawawezi kukaa kanisani kwa amani. Wafugaji wa nyikani zamani walipenda la kung'aa, sasa nao wanataka migongo mipana ya bluu kwa nyumba za wake zao. La kung'aa tupu, tena zito, tena bapa, hakuna anayeliuliza. Kwa hiyo hakuna anayelileta.

Na bati la mama lilikuwa hilohilo. Baba ndiye aliyelinunua, akiwa hai, enzi ambazo bati moja lilibebwa na watu wawili. Maji ya tangawizi yakalila polepole. Mwanzoni mmweko ukageuka rangi, ukawa kama chai ya rangi iliyokaa. Baadaye ukawa hauji kila siku. Halafu msimu mmoja, baada ya masika, nikasimama mlangoni saa kumi, na saa kumi ikapita. Kesho yake hivyohivyo.

Nikampigia. Simu ya mama ni ile ya tochi, na huwa ameizima ili chaji isiishe, kana kwamba chaji ni unga. Nilipompata alikuwa anapiga kelele kama kawaida yake, maana anaamini sauti ndiyo inayosafiri.

"Bati limeoza! Lina matundu. Tangawizi inadondoka kwa kuku."

"Mama, mimi si muuza mabati? Nakuletea jingine."

"Lete linalowaka."

Nilimpelekea la bluu, zito, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo, likiwa bapa kabisa kwa sababu nilimwomba fundi anikatie kwenye koili kabla ya kutia migongo. Nililipeleka mwenyewe kwa gari la mnada, nikalitandaza uani. Mama alilizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Alisubiri jua liiname, akaliegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Hili limelala, mwanangu," alisema.

"Mama, hili ndilo wenye hela zao wanaezekea."

"Waezeke. Mimi sitaki la kulala. Nataka linaloonekana kule." Akaonyesha bondeni kwa kidevu, kule kwenye barabara na reli na duka langu na nyika nzima inayofuata.

Roho yangu ilijaa. Mama yangu hasemi maneno matamu. Amenizaa, nimezika mume mbele yake, sijawahi kumsikia akisema ananikumbuka. Na sasa anakataa bati la bei mbaya kwa sababu halionekani kule niliko. Nilishuka mlima siku hiyo nikiwa na furaha ya kijinga, nikawasalimia hadi watu nisiowapenda.

Nikatafuta. Nilipata la kung'aa lakini jembamba, nikampelekea. Upepo wa kwetu juu ukalikunja kama chapati siku ya pili yake. Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona joto la uso. Nilinunua foili, ile karatasi ya bati wanayofungia kuku na chipsi, boksi lake limeandikwa lugha nisiyoijua ya nchi nisiyoijua, nikapanda nayo mlimani na kopo la gundi, nikaibandika juu ya lile bati la bluu. Mama alinitazama akiwa ameshika mdomo. Saa kumi ile foili iliwaka kuliko bati lolote duniani. Iliwaka vipandevipande, kama kundi la watu wanaogombana. Asubuhi yake umande ukaingia chini ya gundi, upepo ukafanya yake, na mbuzi wa jirani akala sehemu iliyobaki.

"Angalau mbuzi ameshiba," mama alisema.

Ikabidi nimsumbue kaka mmoja wa Gerezani, kule Dar, anayeniuzia kwa jumla. Nilimwambia nataka bapa, zito, la kung'aa, hata moja tu.

"Dada, hilo watu hawaagizi tena. Nani ananunua?"

"Mimi."

"Meli haiji kwa bati moja."

"Basi liweke katikati ya mengine. Litapata nafasi."

Alicheka, lakini nadhani alisikia kitu kwenye sauti yangu, maana alisema kuna koili moja ndogo mteja wa kutengeneza mapipa ameagiza, ikifika atanikatia. Ikawa sasa kazi yangu ni kuulizia meli. Mara haijapakia. Mara imepakia lakini imebadilisha njia, huko baharini kumechafuka, wakubwa wanagombana. Mara iko nje ya bandari inasubiri zamu. Mimi sijawahi kuipanda meli, bahari nimeiona kwa kwenda kumsalimia mwanangu, lakini miezi ile nilisikiliza taarifa ya habari kama mtu mwenye hisa. Nilikuwa najiuliza ni nani huko, akiwa amevaa suti, anayejua kwamba akifunga njia ya bahari, mwanamke mmoja Makanya hamuoni mama yake.

Ile miezi ilikuwa mibaya. Saa kumi ilikuja kila siku, haikuacha hata moja. Nilijaribu kujishughulisha ndani, kupanga misumari, kuhesabu kofia za paa, lakini miguu ilinitoa nje yenyewe. Mlima ulikuwa pale, mweusi na mkubwa, bila mtu. Nilijua mama yupo, anakula, anakwenda kanisani, anagombana na mbuzi. Simu iliniambia. Lakini kuambiwa si sawa na kuona. Jioni nilipika makande ya mtu mmoja, na mtu aliyepika makande anajua kwamba makande ya mtu mmoja hayapikiki. Unakula hayohayo hadi yanakuchukia.

Koili ilifika. Kaka wa Gerezani alinikatia bati na kuliweka katikati ya mzigo wangu, limefungwa kwenye maboksi kama mgonjwa. Nilipolifungua, sura yangu ilinitazama kutoka ndani yake, na vumbi la jasi kwenye nyusi. Lilikuwa zito. Nililigonga likajibu kwa sauti ya chini, siyo ule ukelele wa mabati ya siku hizi. Kesho yake nililipandisha mlimani, dereva akilalamika njia nzima kwamba linampiga macho kwenye kioo. Mama alilipapasa kwa viganja vyote viwili.

"Ehee," alisema. "Hili sasa ni bati."

Sikulala kule. Nilitaka kuliona nikiwa chini. Siku iliyofuata nilifunga duka mapema, nikaweka kiti nje, nikakaa kama mtu aliyekuja kwenye mpira. Saa kumi, lile bega la mlima likawaka. Lilikuwa kali kuliko la zamani, hata vijana wa bodaboda waligeuka, mmoja akauliza, "Oya, kule juu kuna nini?" Mimi nilikuwa nalia, tena kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Siku chache baadaye alikuja dukani mwanamke mzee wa Kimaasai. Wanawake wa nyikani huja kwangu, lakini huja wawili watatu na kwa ajili ya bati. Huyu alikuja peke yake, kwa miguu, na kibuyu cha maziwa begani. Miguu ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Nilimwamkia kwa neno lao la kumwita mama.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mama." Alikaa kwenye rundo la mbao bila kukaribishwa, akanyoosha mkono kuelekea mlimani. "Ile bati imerudi."

Niligeuka, nikautazama mlima pamoja naye.

"Mimi nimeona kutoka bomani kwetu. Ilipotea siku nyingi, nikasema basi, rafiki yangu amekufa. Nimemlilia. Sasa imerudi. Nataka mtu anipeleke. Magoti yangu hayawezi mlima."

"Mwenye bati lile ni mama yangu," nilisema.

Alinitazama kwa makini, akianzia usoni, akashuka hadi kwenye viatu. "Ni wewe binti ya Same? Alisema ana binti ameolewa Same." Kisha akacheka kwa furaha, akanishika mkono kama tulikuwa tunatafutana.

Nikampa maji, naye akanipa habari. Zamani sana, ukame ulipokuwa mkali, wafugaji walisogeza ng'ombe hadi chini ya mlima. Yeye alikuwa na mtoto mchanga aliyeungua na homa, akambeba hadi zahanati ya kijijini kwetu, asikokuwa na ndugu wala lugha. Mama alimkuta amekaa nje ya ukuta, akamchukua nyumbani, akalala kwetu hadi mtoto alipopona. Mimi nilikuwa shule ya bweni, sikuwahi kuambiwa. Baada ya hapo walikuwa wanakutana mnadani Makanya kila wiki, maziwa kwa ndizi, ndizi kwa maziwa, hadi magoti ya wote wawili yakachoka. Siku ya mwisho ya kukutana, mama alimwambia: mimi saa kumi nitasimamisha bati, wewe ukiliona, ujue nipo.

"Mimi sina simu," alisema yeyo. "Nina ile."

Hesabu nilifanya hapohapo, ingawa moyo haukutaka. Mnada wao wa mwisho kukutana ulikuwa kabla mimi sijahamia Makanya. Bati lilikuwa linawaka kabla sijawa na duka, kabla sijawa mjane, wakati bado naishi Same na mume wangu na sina sababu ya kutazama mlima. Nilitabasamu, nikamwambia yeyo karibu sana, ngoja nitafute gari. Nilimwonea wivu mwanamke mzee mwenye magoti mabovu. Nilimwonea wivu hasa, wivu wa mtoto aliyegundua kwamba mama ana watoto wengine.

Tulipanda. Njiani nilijituliza kwa namna yangu. Nilijiambia bati moja linaweza kuonwa na watu wawili. Huenda mama alianza kwa ajili ya rafiki yake, baadaye akaendelea kwa ajili yangu pia. Jua halipungui kwa kutazamwa na wengi. Mpaka tunafika kwenye kona ya kanisa, nilikuwa nimekaribia kuyaamini maneno yangu.

Mama alikuwa uani anageuza tangawizi. Aliinua kichwa, akaona ni nani anashuka kwenye gari, na kijiti cha kugeuzia kikamtoka mkononi. Sijawahi kumwona mama yangu akikimbia. Alikimbia, kwa ile mikimbio ya wazee ambayo ni mikono zaidi kuliko miguu, akamkumbatia yeyo, wakashikana vichwa, wakawa wanaongea wote kwa pamoja, mmoja Kipare, mwingine Kimaasai, Kiswahili kikiingia pale kinapotakiwa. "Nilikulilia!" yeyo alikuwa anasema. "Nilikulilia bure!" Mama alikuwa anampangusa vumbi miguuni kwa upindo wa kanga yake, kama anavyompangusa mtoto aliyetoka shule.

Kwangu alisema, "Umefanya vizuri, mwanangu. Kuna maji kwenye dumu, weka chai."

Nikaweka chai. Nikakaa jikoni kwenye kigoda nikipuliza moto, nikiwasikia nje. Maziwa ya kibuyu yaliisha, ndizi zikaisha, nao hawakuisha. Ilipofika jioni yeyo alisema atakaa siku kadhaa, wanawe wanajua. Mimi nikashuka, duka haliwezi kujifungua lenyewe.

Kesho yake palikuwa na jua zuri ajabu, anga limeoshwa. Saa kumi nilitoka nje. Nikasubiri. Nilidhani mama amechelewa na maongezi, nikaendelea kusubiri, hadi kivuli cha duka kikavuka barabara. Siku ya pili, jua lilelile. Nikasimama tena. Mlima ulikuwa mlima tu.

Nikaogopa. Nilifikiri ameanguka, au yeyo ameugua, au bati limeibiwa na mtu mwenye akili kama zangu. Nikapiga simu, na kwa bahati ilikuwa imewashwa. Nyuma ya sauti yake nilisikia vikombe.

"Mama, mko salama?"

"Salama kabisa!"

"Sijaliona bati. Jana hujalisimamisha, leo hujalisimamisha."

"Nimsimamishie nani?" mama aliuliza, na kwa mbali nikamsikia yeyo anacheka. "Mwenyewe si huyu hapa, anakunywa chai. Wewe si una simu?"

Nikasema ndiyo mama, ninayo. Nikamwomba anisalimie mgeni.